Kutoa Pasi kwa Kalamu: Mafunzo ya Uwanja wa Mpira katika Uandishi wa Kitaaluma

Katika shule nyingi za sekondari za Afrika Mashariki, saa 10 jioni ni saa ya michezo. Hakuna anayestaajabu kuiona timu ya mpira wa miguu au ya netiboli ikifanya mazoezi siku nne mfululizo kwa ajili ya mchezo mmoja tu wa Jumamosi. Mchezaji huirudia pasi ileile mara hamsini. Hukosolewa na kocha mbele ya wenzake wala hanuni. Akipoteza mpira, hukimbia kuutafuta tena.

Mwanafunzi huyohuyo akitakiwa kuandika ripoti ya jaribio la fizikia, mambo hugeuka. Huketi usiku wa mwisho, huandika mara moja tu, na hukabidhi kazi yake bila ya kuisoma tena. Daftari linaporudi likiwa limejaa wino mwekundu, hulifunga upesi ili jirani yake asione. Uwanjani kosa ni sehemu ya kujifunza. Darasani kosa limekuwa aibu. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wengi wenye akili na udadisi humaliza kidato cha nne wakiamini kwamba uandishi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na kwamba wao hawakujaliwa. Makala haya yanachunguza ni mambo gani ya uwanjani yanayoweza kuhamishiwa mezani pa kuandikia, na ni yapi yasiyohamishika.

JE, UJUZI HUHAMA?

Yafaa kwanza pawekwe tahadhari. Mtu aweza kudhani kwamba kucheza mpira kwenyewe humfanya mwanafunzi awe mwandishi hodari, kwa kuwa michezo hujenga akili. Dhana ya aina hii ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 walimu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba kujifunza Kilatini huinoa akili nzima, kama kinoo kinavyonoa kisu, hata ikaweza kukata jambo lolote. Mwaka 1901 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walichapisha majaribio ya kuipima imani hiyo. Waliwazoeza watu kukadiria maeneo ya mistatili mpaka wakawa hodari, kisha wakawapa maumbo mengine na ya ukubwa mwingine. Uhodari ule ulihama kwa kiasi kidogo tu. Wakahitimisha kwamba ujuzi wa kazi moja huifaa kazi nyingine kwa kadiri kazi hizo mbili zinavyoshirikiana katika sehemu zake.

Kwa hiyo mfungaji bora wa shule hawi mwandishi bora kwa sababu ya mabao yake. Swali lenye manufaa ni hili: uwanja na uandishi vinashirikiana katika sehemu zipi? Hapa zitatazamwa tatu, nazo ni namna ya kufanya mazoezi, namna ya kumpa mwenzako kitu anachoweza kukipokea, na utii kwa kanuni zinazowahukumu wote sawasawa. Tena sehemu hizo zikiwapo tu hazitoshi. Mwalimu hana budi kumwonyesha mwanafunzi waziwazi kwamba jambo analolifanya sasa kwa kalamu ni lilelile alilolifanya jana kwa mguu.

KUZOEZA KIPANDE KIMOJA KIMOJA

Kocha mwenye busara haichezeshi timu yake dakika 90 kila siku. Huugawa mchezo katika vipande. Leo ni kupiga kona, kesho ni kutuliza mpira wa juu, keshokutwa ni kukaba. Kila kipande hurudiwa peke yake mpaka mwili ukizoee, kisha vipande vyote huunganishwa.

Darasani aghalabu hufanyika kinyume. Mwanafunzi huambiwa aandike insha nzima au ripoti nzima, husahihishwa, kisha huambiwa aandike nyingine. Ni kama timu inayocheza mechi tu bila ya mazoezi. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wote jedwali moja la matokeo na kuwataka waandike sentensi tatu tu za kulieleza. Siku nyingine watatunga kichwa cha habari tu, au aya ya mwisho peke yake. Kazi ya sentensi tatu husahihishwa kwa dakika moja, hivyo hata mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wengi aweza kuimudu.

Mazoezi hayo hayana budi kubadilishwabadilishwa. Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto waliorusha vifuko vidogo kwenye shabaha. Miongoni mwa watoto wa miaka 8, kundi moja lilijizoeza katika umbali wa futi 3 tu. Kundi la pili lilijizoeza katika umbali wa futi 2 na futi 4, wala halikugusa futi 3. Siku ya mtihani wote walirusha kutoka futi 3. Kundi la pili ndilo lililolenga vizuri zaidi, ingawa umbali ule ulikuwa mgeni kwake. Inaelekea kwamba anayekutana na hali tofauti hulazimika kuielewa kanuni iliyo nyuma ya kitendo, hali anayerudia jambo moja tu huikariri hali ile moja. Mwanafunzi anayeandika kila mara juu ya jaribio la aina moja, kwa sentensi zilezile zilizonakiliwa ubaoni, hukariri ripoti. Anayeandika leo juu ya mbegu, kesho juu ya sumaku na mtondo juu ya bei za sokoni, hujifunza kuandika.

Jambo jingine ni ratiba. Mchezaji hangoji hamu ndipo aende mazoezini; huenda kwa kuwa saa imefika. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Robert Boice alitoa taarifa ya majaribio aliyoyafanya kwa walimu wa vyuo vikuu waliokuwa wakisumbuliwa na uandishi. Walioshurutishwa kuandika kila siku kwa ratiba waliandika kurasa nyingi zaidi kuliko walioandika wakati walipojisikia. La ajabu ni kwamba walipata pia mawazo mapya mara nyingi zaidi. Kumbe wazo aghalabu huja baada ya kalamu kuanza kutembea. Dakika 15 kila siku, kama wasemavyo wahenga, ni haba na haba inayojaza kibaba.

PASI ILIYOTOKA MAGAMBA

Sehemu ya pili, nayo ndiyo kiini cha makala haya, ni pasi. Pasi nzuri haipimwi kwa nguvu za mguu ulioipiga. Hupimwa kwa urahisi wa mwenzake kuipokea na kuendelea nayo. Maandishi ya kitaaluma ni pasi. Mwandishi hampelekei msomaji hoja ili amstaajabie. Humpelekea ili aichukue, aijaribu, na aisukume mbele. Mfano ulio bora wa jambo hili ulizaliwa katika shule za Tanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, katika Tanganyika ya wakati huo. Wanafunzi walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa pamoja na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ikigombaniwa. Mwenzake mmoja alitia maziwa yake bila ya kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, aliyatia yake yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, hali ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akadhihakiwa darasani. Hakuuacha mpira. Aliingia maabara, akachukua vyombo viwili, kimoja cha maji ya bomba na kingine cha maji ya moto, akavitia katika jokofu na kutazama mwenyewe. Siku moja Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote.

Namna alivyouliza yastahili kuchunguzwa na kila mwanafunzi. Hakusema kwa jumla kwamba vitu vya moto huganda upesi. Alitaja vyombo viwili vinavyofanana, ujazo ulio sawa wa maji, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, vyote vikitiwa katika jokofu, na kwamba kile cha nyuzi 100 huganda kwanza. Kisha akauliza kwa nini. Wenzake walicheka na kumwambia kwamba amewaaibisha. Lakini swali lilikuwa limekamilika: lilitaja vyombo, kiasi, joto na matokeo. Osborne aliweza kuondoka nalo na kulijaribu Dar es Salaam. Hiyo ndiyo pasi iliyopigwa miguuni pa mpokeaji. Laiti swali lingekuwa na ukungu, kicheko cha darasa kingelimaliza pale pale.

KILA MCHEZAJI NA NAFASI YAKE

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Makala hayo yalipangwa kama timu inavyopangwa uwanjani. Sehemu ya kwanza aliiandika Mpemba mwenyewe, akisimulia aliyoyaona na aliyoambiwa. Sehemu ya pili aliiandika Osborne, akieleza vipimo: sentimita za ujazo 70 za maji katika vyombo vya kioo vya sentimita za ujazo 100, vilivyowekwa juu ya bamba la polistirini ndani ya chumba cha barafu cha jokofu la nyumbani. Alieleza pia kwamba maji yalichemshwa ili kuondoa hewa iliyoyeyuka ndani yake, kwamba maji yaliyopotea kwa kugeuka mvuke hayakutosha kuueleza mwujiza ule, na kwamba utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha sana kuganda. Mwanafunzi hakujifanya profesa, wala profesa hakuimeza kazi ya mwanafunzi. Kila mmoja alisimama mahali alipokuwa na nguvu.

Mpango huohuo hutakiwa ndani ya ripoti ya mtu mmoja. Utangulizi huuliza. Sehemu ya vifaa na njia husema kilichofanywa. Matokeo husema kilichoonekana. Majadiliano hueleza maana yake. Golikipa akiacha lango na kwenda kufunga mabao, lango hubaki wazi. Na maoni yakipenyezwa katika sehemu ya matokeo, msomaji hawezi tena kutofautisha kilichoonekana na kilichodhaniwa. Uwanjani pia mchezaji hodari kupita kiasi huweza kuiponza timu kwa chenga zisizo na mwisho. Katika maandishi chenga hizo ni maneno makubwa yasiyo na kazi.

Tuseme mwanafunzi ameandika hivi: “Mbegu zilizopata maji ziliota vizuri sana kuliko nyingine.” Msomaji atafanya nini na sentensi hiyo? Mpira umepita juu ya kichwa chake. Sentensi hiyo yaweza kuandikwa hivi: “Kati ya mbegu 20 za maharage zilizowekwa katika pamba yenye unyevu, 17 zilikuwa zimeota siku ya 5; kati ya 20 zilizowekwa katika pamba kavu haikuota hata moja.” Sasa msomaji aweza kurudia jaribio, kulinganisha, na hata kupinga. Maneno “vizuri sana” yameondoka, wala hakuna aliyeyakosa.

MWAMUZI NA BAO LA MKONO

Sehemu ya tatu ni kanuni. Tarehe 22 Juni 1986, katika Uwanja wa Azteca mjini Mexico, Diego Maradona wa Argentina aliupiga mpira kwa mkono ukaingia katika lango la Uingereza. Mwamuzi hakuona, bao likahesabiwa, na Argentina ikashinda 2 kwa 1. Mpaka leo bao hilo limo katika vitabu vya kumbukumbu, na mpaka leo kila mtu anajua lilifungwaje.

Maabara za shule nazo zina mabao ya mkono. Mwanafunzi apataye thamani ya mvutano wa ardhi isiyolingana na ya kitabu huibadilisha kimyakimya ili ilingane. Katika kisa cha Mpemba kuna funzo juu ya jambo hili. Osborne alimwagiza fundi wa maabara ajaribu lile swali. Fundi alirudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, ila akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi. Fundi huyo hakuwa mwongo. Alikuwa na uaminifu mwingi kwa kitabu kuliko kwa jokofu. Ajabu ni kwamba majaribio mengine nayo yalitoa jibu lilelile la kwanza. Mwanafunzi na afundishwe kuandika alichokiona, kisha aeleze katika majadiliano kwa nini huenda kikawa na kosa. Mwalimu naye ana wajibu wake: akitoa alama zote kwa jibu linalolingana na kitabu na asitoe hata moja kwa maelezo ya kweli, yeye ndiye aliyehalalisha mkono.

Katika majarida ya kisayansi makala hupelekwa kwanza kwa wataalamu wengine ili wayakague. Kwa kawaida hao huwa waamuzi na makocha kwa wakati mmoja, kwani hukataa na pia hushauri. Darasani jirani wa dawati aweza kufanya kazi hiyo, ili mradi apewe kanuni za kuhukumia na azuiwe kumhukumu mwandishi. Uwanjani husemwa “pasi hiyo ilikuwa fupi”, wala haisemwi “wewe ni mjinga”. Mezani na isemwe “kipimo hiki hakina kizio”.

MCHEZO USIO NA KIPYENGA CHA MWISHO

Mlinganisho wowote una mpaka wake. Mpira wa miguu huisha kwa kipyenga, aliyeshinda ameshinda. Sayansi haina kipyenga cha mwisho. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kueleza mwujiza wa Mpemba, nacho kikapokea majibu zaidi ya 22,000 kutoka pande mbalimbali za dunia. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, katika utafiti uliofanywa Uingereza, waliutilia shaka mwujiza wenyewe. Walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wakaonyesha kwamba tofauti ndogo ya mahali panapowekwa kipimajoto yaweza kuleta matokeo yanayofanana na yale ya Mpemba. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada walichapisha jaribio la chembe ndogo mno zilizomo ndani ya maji, ambamo hali iliyoanza na joto zaidi ilipoa upesi zaidi. Mjadala ungali wazi.

Je, Mpemba alishindwa mwaka 2016 na kushinda tena mwaka 2020? Swali hilo ni la uwanjani tu. Katika sayansi ushindi wake ni kwamba zaidi ya nusu karne baadaye watu wa mabara mbalimbali wangali wanaupokea mpira aliouanzisha, kwa sababu aliuliza na kuandika kwa namna iliyowawezesha kuupokea. Wanaomsahihisha nao ni wachezaji wa timu yake. Mwanafunzi aliyelielewa jambo hili hataogopa tena wino mwekundu kama hapo awali, kwani atajua kwamba kusahihishwa ni dalili kwamba pasi yake imefika.

MAZOEZI KWA DARASA

1. Mwalimu awape wanafunzi jedwali moja la vipimo. Kila mmoja aandike sentensi tatu za matokeo, bila ya neno lolote la maoni. Kazi hii irudiwe mara moja kila wiki kwa jedwali la aina nyingine.

2. Wanafunzi wakae wawili wawili. Wa kwanza aandike maelekezo ya jaribio dogo, mathalan kupima muda wa kupoa kwa kikombe cha maji. Wa pili alifanye kwa kuyafuata maandishi tu, bila ya kuuliza. Kila mahali atakapokwama pawekwe alama. Hapo ndipo pasi ilipopotea. Kisha mwandishi aandike upya.

3. Darasa lirudie jaribio la Mpemba kwa vyombo viwili vinavyofanana, kwa uangalifu wa kutoshika vyombo vya moto kwa mikono mitupu. Kabla ya kuanza, wanafunzi waandike watakavyotambua kwamba maji yameganda: ni tone la kwanza la barafu, au ni chombo kizima? Makundi yanayopata matokeo tofauti yasibadilishe chochote, bali yasomeane ripoti zao na kutafuta tofauti ya njia.

4. Kila mwanafunzi atenge dakika 15 za kuandika kila siku kwa wiki nne, kwa saa ileile. Mwishoni alinganishe ukurasa wa siku ya kwanza na ule wa siku ya mwisho, na aandike aya moja kueleza kilichobadilika.